Cognac: Mji mdogo uliogeuza jina lake kuwa mali

NENO konyagi linafahamika Afrika Mashariki nzima, lakini si wengi wanaojua kuwa limetokana na jina la mji. Cognac ni mji wenye wakazi wasiofika 20,000, ulioko kando ya mto Charente, kusini magharibi mwa Ufaransa. Historia yake ina mengi ya kumfunza mkulima anayelalamika kuwa mazao yake yanaharibika kabla ya kufika sokoni.

Mwanzoni mji huo uliishi kwa biashara ya chumvi, iliyopandishwa mtoni kwa mashua kutoka pwani ya Atlantiki. Wafanyabiashara wa Uholanzi waliofuata chumvi walinunua pia mvinyo wa zabibu. Tatizo ni kwamba mvinyo wa huko ulikuwa mwepesi na uliharibika ukiwa safarini.

Dawa ikawa ni kuuchemsha na kuupoza mvuke wake ili kupata kinywaji kikali. Katika karne ya 17 wenyeji walianza kuupika mara mbili. Karibu lita 9 za mvinyo hutoa lita 1 tu ya kinywaji hicho, hivyo mzigo ulipungua, gharama za usafiri zikashuka na bidhaa ikaacha kuoza. Mwenye mali sasa aliweza kusubiri bei nzuri.

Biashara hiyo iliwavuta wageni. Jean Martell kutoka kisiwa cha Jersey alifungua kampuni yake mwaka 1715, na Richard Hennessy kutoka Ireland akafuata mwaka 1765.

Balaa la mdudu

Katika miaka ya 1870 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, alishambulia mizizi ya mizabibu. Mashamba yaliyozidi hekta 250,000 yalipungua hadi takriban hekta 40,000 mwaka 1893.

Mwaka 1887 mtaalamu Pierre Viala alitumwa Marekani kutafuta mizabibu inayomudu mdudu huyo na udongo wa chokaa wa Cognac. Huko Denison, Texas, alisaidiwa na mkulima mtafiti T. V. Munson. Mizabibu ya Ufaransa ikabebeshwa juu ya mashina ya Marekani, kama wakulima wetu wanavyobebesha miche ya maembe na michungwa. Leo miji ya Cognac na Denison ina undugu rasmi.

Jina lalindwa kisheria

Uhaba ulileta bidhaa bandia. Mwaka 1909 serikali iliweka mipaka ya eneo linaloruhusiwa kutumia jina la Cognac, na mwaka 1936 masharti ya uzalishaji yakakazwa. Kinywaji lazima kikae katika mapipa ya mwaloni angalau miaka miwili. Mwaka 1946 kilianzishwa chombo cha kusimamia zao hilo, ambacho wakulima na wafanyabiashara wana wajumbe sawa.

Hata hivyo, kusubiri miaka kunahitaji mtaji. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kinywaji hupotea hewani kikiwa ndani ya pipa. Ndiyo maana wakulima wengi huuza mapema kwa kampuni kubwa, na anayemudu kuhifadhi ndiye anayepata faida kubwa zaidi.

Soko la nje

Zaidi ya asilimia 95 ya bidhaa hiyo huuzwa nje, hasa Marekani na China. Januari 2024 China ilianza kuichunguza katika mvutano wa kibiashara na Ulaya, na Julai 2025 ikatoza ushuru unaofikia asilimia 34.9. Kampuni zilizokubali kutouza chini ya bei maalumu zilisamehewa.

Mkulima wa Cognac hakuwa na sauti katika mvutano huo, lakini ulimgusa, kwani kampuni ikipunguza ununuzi, zabibu zinabaki shambani. Kusindika na kulinda jina kumeupa mji huo utajiri wa karne tatu. Kilichobaki ni somo gumu zaidi: mkulima asiye na ghala wala mtaji wake mwenyewe huuza kwa bei ya mwenye navyo, na anayetegemea wateja wawili hulala macho wazi.