Likizo ya Uzazi Si Barua ya Kufukuzwa Kazi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini mzazi aliyeajiriwa ana uchungu wa pili, nao ni hofu ya kurejea kazini akakuta nafasi yake imekwisha kupewa mtu mwingine. Hofu hiyo ndiyo tunayopenda kuizungumza leo, tukianzia Kinyinya, katika Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali.

Wasikilizaji wa redio walilijua jina la Kinyinya kwa ajili ya mitambo ya Deutsche Welle, iliyofungwa mwaka 2015. Siku hizi tarafa hiyo, pamoja na mitaa yake ya Kagugu na Gacuriro, yajulikana zaidi kwa majumba mapya. Na penye majumba mapya hapakosi vibarua, walinzi, makarani wa maduka na watumishi wa nyumbani. Wengi wao ni akina mama.

Tumfikirie karani mmoja wa duka katika mitaa hiyo, mwenye mimba ya miezi minane. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2009, mama kama huyo alikuwa na njia mbili: arudi kazini baada ya wiki sita, au akae nyumbani wiki sita nyingine kwa asilimia 20 tu ya mshahara wake. Ni dhahiri kwamba aliye maskini hakuwa na hiari.

Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kuanzisha mfuko wa likizo ya uzazi, unaosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Mwajiri huchanga asilimia 0.3 ya mshahara, na mfanyakazi, mwanamume kwa mwanamke, huchanga kiasi hicho hicho. Mwajiri hubeba mshahara wa wiki sita za kwanza. Za baadaye hubebwa na mfuko. Mwaka 2023 likizo yenyewe iliongezwa kutoka wiki 12 hadi 14. Hivyo mwajiri hana tena sababu ya kumwona mama mja mzito kuwa ni hasara.

Juu ya mshahara kuna kinga ya kazi. Sheria ya mwaka 2018 inakataza kumpa mama notisi ya kuachishwa kazi akiwa katika likizo ya uzazi. Mgonjwa naye hakusahauliwa: akithibitishwa na madaktari, aweza kupumzika hadi miezi sita, mitatu ya kwanza kwa mshahara. Baada ya hapo ndipo mwajiri ana ruhusa ya kuuvunja mkataba.

Je, kinga hii yamfikia kila mtu? Hapa ndipo penye kasoro. Sheria hiyo hiyo yasema mkataba wa mdomo usizidi siku 90 mfululizo. Lakini mtumishi wa nyumbani au kibarua aweza kufanya kazi miaka miwili bila karatasi wala mchango. Siku ya kujifungua, mwajiri husema kwamba kazi ilikwisha, na mama hana la kuonyesha.

Kwa hiyo twawashauri wafanyakazi wasingoje mimba wala maradhi. Zikipita siku 90, dai mkataba wa maandishi. Uliza kama michango yako inapelekwa. Nenda likizo kwa barua, na nakala uihifadhi. Ukionewa, anza kwa wajumbe wa wafanyakazi kazini. Wakishindwa, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na mwisho mahakamani.

Nao waajiri wakumbuke kwamba mama aliyerudi kazini bila hofu hufanya kazi kwa moyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mfanyakazi ni mali. Tuiandike.