Je, Wajua? Pikapu Yenye Volti 12 na 24

Je, wajua kwamba Chevrolet M1008, pikapu iliyoundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya 1980, ina betri mbili na alteneta mbili? Taa na vifaa vingi hutumia volti 12 kama gari la kiraia, lakini stata huzungushwa kwa volti 24, ili iweze kupeana umeme na magari mengine ya kijeshi.

Shida yake kubwa iko kwenye plagi za kupasha joto injini yake ya dizeli ya lita 6.2. Plagi hufanya kazi kwa volti 12, ila umeme wake hutoka kwenye volti 24 na kupunguzwa na rizista. Relei inayoziwasha ikigandana, plagi huungua. Ncha zikivimba, hukwama ndani ya silinda hedi, na kuzitoa ni mateso. Ndiyo maana wamiliki wengi huondoa rizista na kuzilisha plagi moja kwa moja kutoka betri ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Ukiinunua, fanya hivyo kwanza, kabla hujafikiria matairi makubwa au rangi mpya.

Ekseli yake ya mbele, Dana 60, ni imara mno. Wapo wanaonunua gari zima kwa ajili ya hiyo tu.