Upakaji Rangi wa Sintaksia katika Laha Mtindo Zenye Lugha Mbili

Mwanafunzi wa isimujamii amezoea kumsikia mzungumzaji akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa lugha nyingine. Hali iyo hiyo hutokea katika matini za kompyuta. Mhariri anayehifadhi utenzi kwa XML huweza kuugeuza uwe ukurasa wa kusomwa kwa laha mtindo ya XSLT, lugha iliyoidhinishwa na W3C mwaka 1999. Ndani ya laha hiyo aghalabu huchopekwa msimbo wa JavaScript, kwa mfano ule unaofichua tofauti za miswada msomaji anapobofya ubeti.

Kihariri matini Vim kilibuniwa na Mholanzi Bram Moolenaar na kutolewa mwaka 1991. (Hadi kifo chake mwaka 2023, Moolenaar aliwahimiza watumiaji wake kuwasaidia watoto wa Kibaale, Uganda, alikofanya kazi mwaka 1994.) Tangu toleo la 5.0 la mwaka 1998, Vim hupaka sintaksia rangi, na rangi hizo si pambo: nukuu isiyofungwa humwaga rangi yake hadi mwisho wa mstari, nalo kosa likaonekana. Hata hivyo, faili yake ya XSLT huzitambua kanuni za XML na elementi za XSLT tu. JavaScript iliyomo huachwa bila rangi, na makosa hujificha humo.

Haifai kuihariri faili hiyo asilia, kwani sasisho lolote litayafuta mabadiliko. Mtumiaji huunda faili yake, ~/.vim/after/syntax/xslt.vim, ambayo husomwa baada ya ile ya asili. Mistari yake ya kwanza ni hii:

unlet! b:current_syntax
syntax include @JS syntax/javascript.vim
syntax region xsltJS start=+<script>+ end=+</script>+ keepend contains=@JS,xslNdani

Mstari wa kwanza ndio unaosahauliwa mno. Kigeu hicho hutangaza kwamba sintaksia imekwisha kupakiwa. Faili ya JavaScript ikikikuta, hukoma papo hapo, na mtumiaji hubaki akishangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Wa pili hukusanya kanuni za JavaScript chini ya jina moja, na wa tatu huziwekea mipaka.

Ugumu halisi umo katika tabaka la tatu. Ndani ya JavaScript, mhariri huweza kuandika:

var jina = "<xsl:value-of select="mtunzi"/>";

Kwa XSLT, mstari huu ni sahihi. Kwa kanuni za JavaScript, nukuu imefungwa kabla ya neno mtunzi, hivyo rangi humpotosha msomaji: kisicho kosa huonekana kosa. Hapa ni sharti XSLT iruhusiwe kuingia hata ndani ya nukuu:

syntax region xslNdani start=+<xsl:+ end=+/>+ contained containedin=javaScriptStringD,javaScriptStringS
highlight link xslNdani Statement

Sasa Vim huruka nukuu zilizomo katika alama ya XSLT, na mfuatano wa JavaScript hufungika mahali pake. Iwapo rangi zitavurugika faili ndefu inapofunguliwa katikati, ‘syntax sync fromstart’ hukilazimu kihariri kuisoma tangu mstari wa kwanza, ijapokuwa kwa mwendo wa pole zaidi.