Picha ya Ubongo Inaona Nini, na Haioni Nini

Juu ya kabati la baba mkubwa kuna bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mna filamu ya CT, picha za ubongo wake zilizopigwa siku alipopata kiharusi mwaka jana. Mgeni akija kumjulia hali, mama mkubwa huishusha, huielekeza dirishani, kisha huuliza: "Wewe uliyesoma, hebu niambie, hapa inaonyesha atapona?"

Nilipoulizwa mimi, nilijibu "Inshallah, mama," nikajifanya nakunywa chai. Nasoma ualimu, sio udaktari. Ila baba mkubwa naye ni mwalimu, na mkono uliolala ni ule wa kushika chaki. Mbaya zaidi, mgeni mmoja alikuwa ameshasema "picha mbaya hii", na tangu siku hiyo mazoezi ya mkono yakaanza kurukwa. Basi nikaingia maktaba, nikatafute jibu la swali la mama.

Tuanze na kiharusi chenyewe. Kipo cha mshipa kupasuka na kipo cha mshipa kuziba. Cha kuziba ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, na ndicho kilichompata mzee wetu. Donge la damu linafunga njia, sehemu ya ubongo inakosa oksijeni, seli zinaanza kufa. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba bila matibabu, ubongo hupoteza seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Piga hesabu ya foleni ya chakula ya dakika 20 pale kafeteria: hizo ni seli milioni 38.

Hapo ndipo picha inapoingia. Kazi ya kwanza ya CT ni kuonyesha kama kuna damu iliyovuja. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ukimpa mtu ambaye mshipa wake umepasuka unaweza kumuua. Lakini kiukweli, saa za mwanzo CT ya mtu aliyezibwa mshipa inaweza kuonekana karibu safi. Kwa hiyo mwaka 2000 watafiti wa Alberta, Kanada, walileta alama za ASPECTS. Eneo linalolishwa na mshipa mkuu wa kati wa ubongo hugawanywa sehemu 10, na kila sehemu yenye dalili ya kuharibika inakatwa alama moja. Aliyebaki na 9 ana matumaini kuliko aliyebaki na 4. Ni kama tunavyosahihisha testi.

MRI inaona mapema zaidi. Ipo aina yake inayofuatilia maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Seli ikikosa nguvu huvimba, maji yanakwama, na eneo lile linang'aa kwenye picha. Ukiongeza kipimo cha mtiririko wa damu, unaweza kutenganisha kiini kilichokufa na pembezoni yake iitwayo penumbra, yaani sehemu yenye njaa lakini bado hai. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2018, DAWN na DEFUSE 3, yalionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa picha za namna hii wananufaika kutolewa donge kwa mrija hata baada ya saa 6, wengine mpaka saa 24.

Sasa turudi kwa mama mkubwa. Yeye haulizi habari za saa 24, anauliza habari za mwezi wa tatu. Hapa ukubwa wa doa hautoshi, mahali lilipo ndipo penye neno. Amri za mkono hushuka kutoka juu ya ubongo hadi uti wa mgongo kwa njia moja nyembamba ya neva. Doa dogo likiikata, ni kama daraja limekatika: barabara yote nzima, lakini basi halifiki. Doa kubwa pembeni linaweza kuuacha mkono ukifanya kazi.

Kule New Zealand, Cathy Stinear na wenzake walitumia MRI kukagua njia hiyo katika utaratibu wao wa kutabiri uitwao PREP, wa mwaka 2012. Walipouboresha mwaka 2017 na kuuita PREP2, MRI ikaondolewa! Waliona wanaweza kutabiri bila hiyo. Ndani ya siku 3 mgonjwa anaambiwa anyanyue mkono kutoka begani, kisha anyooshe vidole. Kila tendo lina alama 5. Akifikisha jumla ya 5 au zaidi, matarajio ni mazuri, na umri nao unahesabiwa. Akipungukiwa, kifaa cha sumaku huwekwa kichwani kuona kama ujumbe bado unafika mkononi. Utabiri huu ulikuwa sahihi kwa wagonjwa kama 75 katika kila 100. Maana yake 25 walikwenda tofauti na walivyoandikiwa.

Kwetu sisi wa elimu, hapo ndipo pa kusimama. Mwaka 1968 Rosenthal na Jacobson waliandika kwamba mwalimu akiambiwa mtoto fulani atang'ara, mtoto huyo anaweza kung'ara kwa sababu tu mwalimu anamshughulikia tofauti. Wengine wameyapinga matokeo yao, lakini aliyewahi kuitwa "mzito" darasani anajua uzito wa jina. Mgonjwa naye akishaandikwa "hatapona", nani atamnyoosha vidole kila asubuhi? Utabiri ungekuwa umejitimiza wenyewe. Unafaa kwa kupanga mazoezi, sio kwa kuyafuta.

Likizo iliyopita nikamwambia mama mkubwa ukweli: "Mama, filamu hii ni ya siku ya kwanza. Ilimsaidia daktari siku ile. Mkono wenyewe unasema zaidi." Akanyamaza kidogo, akairudisha bahasha juu ya kabati, akaenda kuleta mpira wa mazoezi. Leo baba mkubwa anashika kikombe. Vidole havijafunguka vyote, na sitawadanganya kwamba vitafunguka.

Nawe ukiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki sawa, usimlaze apumzike. Angalia saa, kariri muda dalili zilipoanza, mpeleke hospitali hapo hapo. Swali la kwanza la daktari litakuwa hilo la muda, na picha haiwezi kumjibu vizuri kama wewe uliyekuwepo.