Reale na Rupia za Wazee: Zipimwe Vipi Thamani Yake?

Baadhi ya wanachama wetu wametuuliza habari za sarafu za kale zilizobaki masandukuni tangu enzi za mababu. Wako waliozirithi hivi karibuni, na wako wanaofuatwa mashambani na wachuuzi, wakatajiwa bei papo hapo. Twaona yafaa tueleze kwa ufupi namna ya kujua thamani yake kabla mali haijatoka mkononi, maana aliyekwisha kuuza kwa bei ya kutupa hana pa kuidai.

Nyingi ya sarafu hizi zililetwa visiwani na karafuu zenyewe. Katika karne ya kumi na tisa mavuno yalilipwa kwa reale, na baadaye kwa rupia za Bara Hindi, mpaka mwaka 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa hesabu ya rupia moja kwa shilingi moja na nusu.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kila sarafu ya kale ina bei mbili. Iko bei ya mzani, yaani ya fedha au dhahabu iliyomo; na iko bei ya mkusanyaji, yaani mtu anayetaka kipande chenyewe kwa uchache wake. Mwenye kuuza sharti azijue zote mbili.

Bei ya mzani si ngeni kwa mkulima. Magunia mawili yenye uzito mmoja hayalipwi sawa ikiwa moja limejaa makonyo. Katika sarafu, shaba iliyochanganywa na fedha ndiyo makonyo yake. Reale ya Shamu, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ina uzito wa gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.39. Rupia iliyopigwa hadi mwaka 1939 ina uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, na fedha safi ni gramu 10.69. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ina uzito wa gramu 7.99, na dhahabu safi ni gramu 7.32.

Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Kwa hiyo hesabu ya kukumbuka ni nyepesi: reale nne zina fedha safi ya aunsi tatu, na rupia tatu zina aunsi moja na kidogo. Tafuta bei ya siku katika simu, fanya hesabu hiyo, nawe umeijua bei ya mzani. Mnunuzi atapunguza kwa ajili ya kazi na faida yake, na hiyo ni haki yake. Lakini akitoa nusu ya hesabu, mwambie ahsante, umkatalie.

Tazameni mwaka vilevile. Rupia za kuanzia 1940 hadi 1945 ni nusu fedha tu, na ile ya 1947 haina fedha hata chembe. Ni nikeli, nayo hunaswa na sumaku. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, na za 1948 na kuendelea hazina.

Hapa ndipo mirathi inapoharibika. Ndugu wawili wakigawana vipande arubaini kwa idadi, mmoja akachukua reale ishirini na mwenziwe rupia ishirini za zamani, wa kwanza amepata fedha safi gramu 468 na wa pili gramu 214. Wamelingana kwa idadi, hawakulingana kwa mali. Na zipimwe kwanza, ndipo zigawanywe.

Ama bei ya mkusanyaji, wengi hudhani kwamba kitu kikiwa cha zamani zaidi ndipo huwa ghali. Sivyo. Reale ya Shamu imeandikwa 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya Maria Theresa kufa, katika miji mingi, London na Bombay ikiwamo. Kwa hiyo mara nyingi haipiti sana bei ya mzani. Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, nayo ni ya kale, lakini zilipigwa nyingi mno. Reale ya fedha ya Seyyid huyo huyo, ya mwaka huo huo, ni adimu, na wakusanyaji huilipa mbali kupita uzito wake. Ukiona reale yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, usiitoe kwa mzani.

Tahadhari tatu zabaki. Kwanza, msizisugue kwa majivu wala ndimu. Kung'aa huko huondoa bei ya mkusanyaji. Pili, kipande chenye uzito pungufu au kinachonaswa na sumaku kipelekeni kwa sonara mnayemwamini, akijaribu mbele yenu. Tatu, kinachofukuliwa ardhini si sawa na kilichorithiwa. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, na kwazo watu wamejifunza mengi juu ya watawala na biashara ya kisiwa hicho. Atakayekuta kitu kama hicho akilima, akiache mahali pake na kuiarifu idara ya mambo ya kale.

Hatumkatazi mtu kuuza. Shida hazina mwenyewe. Tunaloomba ni kwamba mwanachama apime kwanza, aulize watu wawili au watatu, ndipo aitikie bei.