Ndizi za Rungwe na Amri za Mpakani

Siku hizi mkulima wa Tukuyu hana haja ya kushuka Kasumulu kutafuta mnunuzi. Mnunuzi wa Karonga hupiga simu, bei hupatanwa papo hapo, na mikungu hukatwa siku ya gari. Simu yavuka mto Songwe bila ruhusa ya mtu. Ndizi hazivuki hivyo.

Mwezi wa Machi 2025 Serikali ya Malawi ilipiga marufuku kuingiza unga, mchele, tangawizi, mahindi na ndizi kutoka Tanzania na nchi nyingine. Haikuwa chuki. Migomba ya Malawi iliharibiwa vibaya na ugonjwa wa virusi, ule unaoudumaza mgomba na kusonganisha majani yake kileleni. Wenzetu walitaka kuinua mashamba yao na kubakiza fedha za kigeni. Kama ni sisi tungefanya nini? Afrika Kusini nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu.

Basi, tarehe 23 Aprili, Waziri wetu wa Kilimo wa wakati huo, Bwana Hussein Bashe, akazuia mazao yote ya nchi hizo mbili kuingia Tanzania, na mbolea kwenda Malawi. Kabla mwezi haujaisha zuio letu likaondolewa, mazungumzo yakaanza. Wakubwa walipatana upesi, nasi twawashukuru. Lakini mkungu ukishakatwa haungoji mkutano, na mwenye mkungu huo ndiye anayedaiwa ada ya shule.

Papa Paulo wa 6, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba mapatano kati ya mwenye nguvu na mnyonge hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Malawi haina bahari, na mizigo yake mingi hupitia kwetu. Hilo tulikumbuke kabla ya kufurahia kulipiza. Jambo la kuziomba Serikali zote mbili ni taarifa ya mapema, ifike mpaka soko la Kiwira, na mzigo ulio njiani uachwe upite.

Kwa sasa, cheti cha afya ya mimea hutolewa na Mamlaka ya TPHPA. Chaonyesha kwamba ndizi hazina ugonjwa wala wadudu, lakini hakifungui mpaka uliofungwa. Kwa hiyo, mama, kabla ya kushika panga, mwulize mnunuzi kama anacho kibali cha kuingiza mzigo kwao, na tarehe ya mwisho wake. Akisitasita, mikungu na ikae shambani.