Mvua ya Kiabakari ina saa zake

Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha na kuwahi mkutano mkuu wa chama cha TANU. Oktoba ni mwezi ambao vuli huanza kubisha hodi mkoani Mara. Anayekwenda hija Kiabakari, mkoani humo humo, kwenye kituo cha Huruma ya Mungu, naye hana nafuu: sikukuu yenyewe ni Jumapili inayofuata Pasaka, kwa hiyo huangukia kati ya 29 Machi na 2 Mei, wakati wa masika. Mwenye safari ndefu ya miguu ukanda huu asihangaike sana na kalenda. Aangalie saa.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 69,000. Maji mengi kiasi hicho hayapati joto upesi. Jua likipanda, ardhi ya Musoma, Butiama na Bunda huwahi kuwaka. Hewa ya moto hupaa, na upepo wa ziwani huingia bara kuchukua nafasi yake. Kutoka upande wa Serengeti nako huja upepo wa mashariki. Pepo hizo zikikutana, hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, ambako hupoa na kujenga lile wingu refu jeusi. Ndiyo maana asubuhi huwa kweupe, na saa tisa alasiri ngurumo. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu, mawingu hukusanyika juu ya maji, na wavuvi wa dagaa ndio wanaopambana nayo.

Kwa hiyo ondoka saa kumi na moja alfajiri na ufunge mwendo kabla ya saa nane mchana. Kilomita 25 zinaingia humo, na mapumziko ya chai juu.

Ukichelewa, dalili ya kwanza ni upepo wa baridi wa ghafla: hewa iliyopozwa na mvua imeshuka na kuitangulia. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia katika nyumba yenye kuta au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe uliosimama peke yake usiukimbilie, wala usijibanze chini ya majabali. Kibanda cha mahindi ya kuchoma kinazuia maji tu, radi hapana.

Watu hudhani huku hakuna baridi ya kudhuru. Lakini maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, na fulana ya pamba iliyolowa hukaa na maji hayo kifuani. Nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki inazidi koti la bei. Miguuni, ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka haraka, malengelenge yakafuata. Kwa maoni yangu katambuga, inayomwaga maji na kukauka, inashinda kiatu cha kufunika kilichojaa tope.

Tope nalo si la aina moja. Kwenye vilima vya mawe udongo ni wa kichanga, maji hupita. Ukishuka kwenye tambarare za Bunda kuelekea ziwani unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa maji na kung'ang'ania nyayo. Hapo fuata barabara ya lami, ukitembea upande unaotazamana na magari.

Kanuni ya kuangalia saa ina kasoro moja. Mito ya Grumeti na Mbalageti huleta maji kutoka Serengeti, hivyo mvua ya jana jioni ya mbali inaweza kukufikia leo asubuhi chini ya anga safi. Tumia madaraja. Maji ya kasi yakifika magotini huangusha mtu mzima, na hupungua baada ya saa kadhaa.